Laki nne na chumba cha Wete: kisa cha kuchagua maiki ya kondensa

Mwenye kisa hiki ni mpwa wangu, mwalimu wa madrasa huko Wete, Pemba. Anaimba kasida, na hurekodi sauti yake ili wanafunzi wazisikilize nyumbani kwenye simu za wazee wao na kuzihifadhi kabla ya maulidi. Alikuwa amedunduliza shilingi laki nne, na moyoni keshaamua: anataka maiki ya kondensa "ya studio", kwa sababu aliyonayo inapiga kelele ya shhh mfululizo na sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Ujumbe aliouleta ulikuwa mfupi: "Shikamoo mjomba. Kwa laki nne ninunue ipi?"

Kazi yangu ni mitambo ya sauti, hapa Unguja, na swali hili naulizwa mara kwa mara na waimbaji, wasomaji wa matangazo na vijana wa bongo fleva. Majibu yanayozunguka mitaani ni mawili. Wapo wanaosema nunua kondensa ghali kadiri mfuko unavyoruhusu, kwa kuwa ndiyo ya studio. Wapo wanaosema kama huna chumba kimya, achana na kondensa kabisa, chukua dainamiki, aina ya zile maiki za mkononi za jukwaani. La kwanza lingemmalizia pesa na tatizo likabaki pale pale. La pili lingemletea tatizo jipya. Ndiyo maana nimeona kisa chake kinafaa kuandikwa kwa kirefu.

Alichokuwa nacho

Maiki yake ilikuwa BM-800, ile inayouzwa kwenye boksi moja pamoja na mkono wa chuma wa kubana mezani, sponji na kipande cha waya. Jina hilo lisikupoteze ukadhani ni bidhaa ya kiwanda kimoja. Watengenezaji wengi wa China hutoa maiki za umbo hilo na jina hilo, na ukizifungua unakuta kapsuli tofauti, yaani kile kichwa kinachopokea sauti, na saketi tofauti. Mtu akikwambia BM-800 ni nzuri, au ni takataka, anazungumzia ya kwake tu.

Kabla ya kujibu nilimwomba picha: maiki ilivyosimama anaporekodi, waya ulivyochomekwa, na chumba chenyewe. Picha hizo zilieleza zaidi ya maneno yake yote.

Waya ulitoka kwenye maiki ukaishia kwenye pini ndogo, ile ya hedifoni, iliyochomekwa moja kwa moja kwenye laptopu. Hapo ndipo ilipoanzia ile shhh. Kondensa haifanyi kazi bila umeme. Ndani yake kuna kiwambo chembamba sana kilichokaa mbele ya kibamba cha chuma, na baina yao pana chaji. Sauti ikikitikisa kiwambo, nafasi baina yao hubadilika na volti hubadilika nayo, lakini ishara hiyo ni dhaifu mno kusafiri kwenye waya. Lazima ipite kwanza kwenye saketi ndogo ya kuikuza iliyomo ndani ya maiki, na saketi hiyo inataka kulishwa. Utaratibu uliozoeleka ni volti 48 zinazopandishwa kupitia waya ule ule wa pini tatu, wa XLR, unaoleta sauti, tunaouita umeme wa fantomu. Tundu la maiki la laptopu hutoa volti chache tu. BM-800 yake ilikuwa inaamka, lakini kinyonge. Sauti ikawa ndogo, naye akapandisha geini ya kompyuta, yaani kiwango cha kuikuza sauti, hadi mwisho, na kikuzaji duni cha kompyuta kikapandisha kelele zake pamoja na sauti.

Picha ya pili ilinichekesha kidogo. Maiki imesimama wima juu ya meza, na mwalimu kaelekeza mdomo kwenye ncha ya juu, kama anavyoshika maiki ya mkononi siku ya maulidi. Kondensa nyingi za umbo hilo husikiliza kwa ubavu. Kiwambo kimesimama wima ndani ya wavu, na uso wake umeelekea mbele, aghalabu upande wenye nembo. Ukiimbia juu yake unaimbia ukingo wa kiwambo: herufi kali hupotea, sauti hufifia, na chumba kinasikika kuliko wewe. Huo ndio ulikuwa nusu ya ule mtungi.

Nusu ya pili ilikuwa kwenye picha ya chumba. Kuta za matofali ya saruji zilizopakwa rangi ya mafuta, sakafu ya vigae, dirisha la vioo, feni ya dari, na juu ya dari ya plaiwudi ni bati. Maiki ipo mbali naye karibu hatua nzima, "ili isinipige pumzi". Ukuta mmoja alikuwa ameubandika trei za mayai. Trei za mayai ni karatasi nyembamba, hazina unene wa kumeza sauti ya mtu. Zinapunguza kidogo sana sauti nyembamba za huko juu kabisa na zinaacha yote mengine yarudi. Zinadumu kwa sababu zinafanana kwa macho na sponji za studio, na pia hazina bei.

Kabla ya kununua chochote

Rafiki yangu wa Chake Chake ana saundi kadi ya USB, kisanduku cha kuingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta, yenye volti 48. Nilimwomba amwazime mwalimu pamoja na waya kamili wa XLR. Maelekezo yalikuwa machache: chomeka waya kwanza ndipo uwashe fantomu, geuza nembo ikutazame, sogea hadi umbali wa shubiri moja, imba salawat mara moja kwa sauti ya chini na mara moja kwa sauti ya juu, unitumie faili kama ilivyo bila kuigusa.

Ile shhh ilipungua mno. Kwa maiki ile ile aliyotaka kuitupa.

Watu wengi hapa hufurahi na kusimama, na kama mwalimu angekuwa anarekodi mazungumzo tu ningemwambia nunua saundi kadi, pesa iliyobaki kalipie mengine. Lakini faili lile lilibaki na mambo matatu. Chumba bado kilisikika, ingawa kwa mbali. Herufi za sin na shin zilikuwa zinachoma masikio. Na mara moja moja palikuwa na mlio mdogo wa kupasuka, ta, ta-ta, ambao haukufuatana na chochote alichokuwa anakifanya. Kila moja lina chanzo chake, na maiki mpya ingeweza kutibu mawili tu kati ya hayo.

Maiki nne mezani

Nilimwekea nne za kuzijadili: Audio-Technica AT2020, Rode NT1 ya toleo la tano, Shure SM58 ambayo ni dainamiki, na maiki yoyote ya USB ya bei ya kati.

NT1 ndiyo aliyokuwa akiiota, kwa sababu aliona mahali kwamba ni miongoni mwa kondensa kimya kuliko zote. Ni kweli. Kelele yake ya ndani, kwa desibeli tunazopimia ukubwa wa sauti, ni 4 tu, wakati ya AT2020 ni 20. Ukizitazama namba hizo kwenye karatasi, tofauti ya 16 ni kubwa sana. Lakini maiki hairekodi kwenye karatasi, inarekodi Wete. Chumba cha nyumba ya kawaida, usiku, feni imezimwa, ni nadra kushuka chini ya desibeli 30. Tuchukue hiyo 30, na tuwe wakarimu. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi, hujumlishwa kwa nguvu zake: chumba cha 30 pamoja na maiki ya 20 hufanya jumla ya 30.4. Chumba hicho hicho pamoja na maiki ya 4 hufanya 30.01. Yaani maiki ya bei kubwa zaidi ingempunguzia kelele chini ya nusu desibeli. Feni ikiwaka, hata hiyo nusu haipo.

Mjuzi atasema hesabu hii inarahisisha mambo, kwa kuwa kelele za chumba nyingi ni nzito, za besi, na za maiki ni nyembamba, za juu, hivyo shhh yaweza kusikika hata ikiwa ndogo. Sawa kabisa, katika chumba cha studio. Pemba usiku nje ya dirisha kuna nyenje, nao wanaimba juu huko huko. Nilisikiliza sekunde za kimya katika faili lake, na nyenje walikuwa wazi kuliko maiki.

Simwambii mtu NT1 ni mbaya. Ni maiki bora, na toleo hilo lina XLR na USB kwa pamoja, jambo linalookoa gharama ya saundi kadi. Ila ubora wake mkubwa ni ukimya, na ukimya huo ungezama ndani ya chumba cha mwalimu. Halafu kwa laki nne haipatikani, labda kwa njia ambazo mwalimu wa madrasa hatapenda kuziuliza.

Maiki ya USB niliiondoa haraka. Inafaa sana kwa mtu anayesema peke yake na hataki kusumbuka, lakini kila kitu kimefungwa pamoja: tundu la USB likilegea, umepoteza maiki, kikuzaji na kadi kwa mpigo mmoja. Pemba si mahali pa kupeleka kitu cha namna hiyo kwa fundi ukategemea kitarudi kizima.

SM58 ndiyo iliyostahili mjadala mrefu, kwa sababu nusu ya watu wangemshauri hiyo. Ilitoka 1966, haivunjiki ovyo, na bei yake halisi haipishani sana na ya AT2020. Hoja yao ni kwamba dainamiki "haisikii kelele za nje". Hoja hii imekaa vibaya. Dainamiki haichagui sauti ya kuisikia. Inatoa ishara ndogo kwa kila sauti, yako na ya jirani. Ukiiweka pale pale ilipokuwa kondensa na ukapandisha geini hadi sauti yako ilingane, jogoo wa jirani naye atapanda hadi pale alipokuwa, au karibu na hapo. Kinachomweka jogoo mbali ni umbali wa mdomo wako na upande ulioielekeza maiki. Watu huona dainamiki ni kimya kwa sababu huiimbia imegusa midomo, halafu hulinganisha na kondensa waliyoiweka hatua moja mbali.

Na hapo ndipo SM58 ilipomkosa mwalimu. Kasida yake huanza kwa sauti ya chini sana, karibu na kunong'ona, kisha hupanda. Tena ana tabia ya kutikisa kichwa kidogo anapoivuta herufi. Ukiwa umegusa maiki, kichwa kikisogea sentimita tatu sauti inapungua ghafla na besi inakimbia. Ukikaa shubiri moja, sentimita tatu hazisemi kitu. Lakini kwa shubiri moja SM58 inataka geini nyingi. Kwa vipimo vya watengenezaji wenyewe, sauti yenye shinikizo la paskali moja huifanya SM58 itoe kiasi cha milivolti 1.9, na AT2020 itoe 14.1. Tofauti ni karibu desibeli 17.5 za geini ambazo saundi kadi ya bei rahisi ingelazimika kuziongeza yenyewe, na saundi kadi ya bei rahisi ikifika mwisho wa kitufe ndipo huanza kutoa shhh. Angetoka kwenye shhh ya laptopu akaingia kwenye shhh ya kadi.

Kuna na sababu ya sokoni: SM58 ni miongoni mwa maiki zinazoigizwa sana duniani. Ukiiona inauzwa nusu bei, hiyo si SM58.

Sin, shin na sad

Kuna jambo ambalo watu wa nyimbo za kawaida hawalisumbukii sana, lakini kwa kasida ni kubwa. Sema "sallallahu alayhi wa sallam" mbele ya kondensa duni, uisikilize kwa hedifoni. Kila sin inatoka kama mtu anapasua karatasi.

Chanzo chake kinajulikana. Kondensa nyingi za bei rahisi zenye kiwambo kikubwa hutumia kapsuli iliyoigwa kutoka kwa ile ya Neumann, kiwanda cha Ujerumani, iitwayo K67. Kapsuli hiyo kwa asili huinua sana sauti nyembamba za huko juu. Neumann walipoitumia kwenye maiki zao za U67 na U87 waliweka ndani ya saketi kitu cha kuushusha mwinuko huo. Walioiga waliiga kapsuli, na kwenye maiki nyingi za bei ya chini saketi ikarahisishwa, kile cha kushusha kikaachwa. Zinapendeza dukani, kwa kuwa sauti inang'aa mara moja. Ukishasikiliza kasida ya dakika saba masikio yamechoka.

Sikuifungua BM-800 ya mwalimu, kwa hivyo siwezi kuapa kapsuli yake ni ya ukoo gani, lakini tabia ilikuwa hiyo. AT2020 haimo katika ukoo huo. Kiwambo chake ni kidogo, milimita 16, na chaji yake ni ya kudumu kwenye kibamba, yaani ni elektreti. Wapo wanaoidharau kwa neno hilo, wakidhani elektreti ni ile ya kwenye simu na midoli tu. Wangeisikiliza kwanza. Ina kimwinuko huko juu nayo, ila ni cha adabu, na ukiigeuza nyuzi chache ili pumzi ipite ubavuni badala ya kugonga katikati, sin zinatulia.

Mpwa wangu alipima mwenyewe. Yule rafiki wa Chake Chake ana AT2020 ya kusomea matangazo, akamruhusu aiimbie salawat hizo hizo kwa kadi ile ile. Mafaili yaliponifikia niliyalinganisha kwa ukubwa mmoja wa sauti, kwa sababu masikio siku zote husema kilicho juu zaidi ndicho bora. Sikumwambia nimeona nini. Nilimuuliza yeye. "Hii ya pili nasikia ninavyotamka," akasema. "Ile yangu nasikia meno." Sikuwa na la kuongeza.

Pesa ilivyogawika

AT2020 mpya Marekani imezunguka dola 100 kwa miaka mingi. Ukiongeza usafiri na ushuru mpaka Pemba, laki nne isingebakisha kitu cha kununulia kadi. Tukatafuta ya mkononi, na ikapatikana hapa Unguja kwa laki mbili. Kununua kondensa ya mkononi kwenye visiwa vyetu kuna namna yake. Niliichomeka, nikawasha fantomu, nikavaa hedifoni, nikapandisha geini na kukaa kimya dakika kumi. Maiki iliyoharibiwa na unyevu hujisema yenyewe kimya kikitawala. Muuzaji aliniona kama nachezea wakati wake. Niliitikisa pia karibu na sikio, kusikiliza kama kuna kitu kinacheza ndani. Hakukuwa na kitu.

Saundi kadi ikawa Behringer UM2, laki na elfu ishirini. Si kadi ya kujivunia, lakini ina volti 48 na tundu moja la XLR, na mwalimu ni mmoja. Ina kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja bila sauti kwanza kuzunguka kwenye kompyuta, na bila hicho mwimbaji hujisikia akichelewa, akaanza kuvuta maneno. Kubwa zaidi kwa Pemba: inapata umeme wake wote kwenye USB, pamoja na ule wa maiki. Umeme ukikatika katikati ya beti, laptopu inaendelea kwa betri na kadi inaendelea nayo. Hata umeme usipokatika nilimwambia achomoe chaja anaporekodi, kwa sababu chaja yake inaingiza mvumo. Alichomoa, mvumo ukakata.

Waya wa XLR elfu ishirini. Elfu sitini zilizobaki zikaenda kwenye hedifoni za kufunga masikio. Programu ya kurekodia ni Audacity, haina malipo. Kizuia pumzi alikitengeneza kwa soksi ya nailoni iliyovutwa juu ya duara la waya, na kinafanya kazi sawa na cha dukani.

Ule mkono wa chuma wa BM-800 tulidhani utafaa. AT2020 ina gramu 345. Mkono uliibeba vizuri mwanzoni, kisha ukawa unainama taratibu, taratibu, bila mtu kuona, hata kufika beti ya nne maiki inaangalia kifua. Kwenye faili unasikia sauti yake ikififia kama anayeondoka chumbani. Akaazima stendi ya sakafuni ya madrasa, ile ya maulidi.

Godoro la sufi

Pemba ina neema ambayo wauzaji wa sponji hawaijui. Nyumba nyingi zina godoro la sufi la zamani limewekwa tu, limeshakuwa gumu kulalia. Sufi ni nyuzinyuzi laini zenye hewa nyingi ndani, na hicho ndicho kinachotakiwa ili kumeza sauti: mawimbi yaingie, yasuguane na nyuzi, yapoteze nguvu. Unene una maana yake. Kitu cha sentimita kumi kilichoegemea ukuta kinafanya kazi vizuri kuanzia karibu hezi 870, yaani mitetemo 870 kwa sekunde, kwenda juu, kwa kuwa hapo robo ya wimbi inatosha ndani yake. Ukiliacha godoro mbali na ukuta kwa shubiri, linashuka chini zaidi. Trei ya mayai haina robo ya kitu chochote.

Magodoro mawili yalisimamishwa pembeni mwa chumba kama kitabu kilichofunguliwa, na mwalimu akasimama ndani, mgongo kwenye magodoro. Wengi huyaweka nyuma ya maiki. Lakini maiki hii ni ya kadioidi: inasikia mbele na ni nzito wa kusikia nyuma. Mbele yake yupo mwimbaji, na nyuma ya mwimbaji upo ukuta unaorudisha kila kitu moja kwa moja kwenye uso wa maiki. Ukuta huo ndio wa kuvishwa. Mgongo wa maiki, ule usiosikia, ukaelekezwa dirishani, kwa jogoo na bodaboda. Dirisha likapata pazia zito.

Na umbali. Kutoka sentimita 60 alizokuwa akikaa hadi 15, sauti yake kwenye maiki imepanda desibeli 12, na mwangwi wa chumba umebaki pale pale ulipokuwa. Desibeli 12 hizo hazina bei dukani. Mtu anayehesabu maiki gani inunuliwe bila kuhesabu hizi, hesabu yake haijaanza.

Anarekodi baada ya Isha, mitaa ikishatulia, feni imezimwa. Kunakuwa na joto, hilo halina dawa. Anaimba beti mbili tatu, anafungua mlango, anapumua, anarudi.

Ule mlio wa ta, ta-ta

Mlio ule wa kupasuka kwenye BM-800 ulikuwa ni unyevu. Chaji ya kondensa inakaa mahali penye ukinzani mkubwa mno, na ukungu mwembamba wa maji yenye chumvi ukitua juu ya kiwambo au pembeni mwake, chaji inatoroka vipande vipande. Kila kitorokaji ni ta. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na upepo wa bahari hauna siku ya mapumziko. Maiki yake ilikuwa inalala juu ya mkono wake mezani mwaka mzima, chini ya dirisha. Zipo kondensa zilizoundwa kuvumilia unyevu, kama zile za Sennheiser za ukoo wa MKH, lakini moja yake ni bei ya pikipiki, tuziache.

AT2020 hailali kwenye stendi. Ikimaliza kazi inaingia kwenye mkoba wake, mkoba unaingia kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, pamoja na vifuko vya silika vilivyokusanywa kutoka kwenye maboksi ya viatu. Mchele watu wanausifu, ila unaacha vumbi, na vumbi ndani ya wavu wa maiki ni adui mwingine. Vifuko vikishiba maji huvianika juani mchana wa kaskazi. BM-800 nayo imewekwa humo. Baada ya kukauka vizuri mlio umepungua sana, na sasa anaitumia mwanafunzi wake mkubwa kujifunzia, kwa kadi ile ile na waya ule ule.

Jambo lililobaki bila dawa ni bati. Mvua ikianza, hakuna maiki wala godoro litakalosaidia, kwa hivyo kasida za maulidi anazimaliza kabla ya masika. Juzi kaniuliza kitu kingine: wanafunzi wanataka kurekodi na madufu, je, atafute maiki ya pili? AT2020 inastahimili hadi desibeli 144, dufu halitaizidi. Nilimwambia madufu yarudi nyuma karibu na mlango, waimbaji wasimame mbele nusu duara kama mita moja na nusu kutoka kwenye maiki, geini ishushwe mpaka dufu lenye nguvu kuliko yote lisifikishe kipimo cha sauti kwenye wekundu, na magodoro yasogezwe nyuma ya waimbaji. Wakisikika madufu yamewazidi, wapiga dufu ndio wasogee, maiki ibaki ilipo. Maiki ya pili ingetaka na kadi ya pili, maana UM2 ina tundu moja tu la XLR.